Nani kasema riwaya ni anasa?

"Hadithi zitawasaidia nini kwenye mtihani?" Aliyeuliza ni mjumbe wa bodi ya shule, mzee ninayemheshimu, na kwa swali hilo moja fungu la riwaya likafutwa kwenye bajeti yetu. Sisi ni shule ya kata, huku juu migombani, Moshi Vijijini. Nilitoka kikaoni na hasira, na mpaka leo haijaisha.

Najua hali ya fedha. Ruzuku iliyopangwa ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa vyoo. Maabara nayo inadai kemikali. Sawa. Ila anayeita hadithi anasa hajamwona mtoto wa kidato cha pili aliyenogewa na kitabu.

Mimi nawaona. Tuna nakala chache za Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel 2021. Hazilali kabatini. Moja imeshonwa upya kwa uzi wa magunia na kuvalishwa karatasi ya mfuko wa simenti. Ndani ya jalada wanafunzi wameandika orodha ya zamu, na kila anayemaliza jina lake linakatwa kwa kalamu nyekundu. Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa kwao kwa sababu ya deni la baba yake, wanamzungumza kama jirani. Wamebishana mpaka kengele ikalia: baba alikuwa na njia nyingine au hakuwa nayo? Binti mmoja akauliza kama misafara ya biashara, kama ile anayosafiri nayo Yusuf kitabuni, ilipita na huku mlimani kwetu. Ilipita, ikitokea Pangani. Siku hiyo alimfuata mwalimu wa Historia mpaka ofisini.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo tunapowaumiza. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Ukimkabidhi wa kidato cha kwanza riwaya nene ya Kiingereza, kila sentensi anakwama, na kabla hajafika ukurasa wa tano hadithi imeshamfia mkononi. Ndivyo yalivyo maboksi ya msaada tunayopokea: riwaya za Kiingereza nakala mojamoja, zimechanganywa na vitabu vya kodi vya nchi za watu. Waliotuma walitutakia mema, nawashukuru. Lakini darasa la watoto sitini halijadili kitabu chenye nakala moja. Kiingereza wajifunze, tena sana, mtihani unakitaka. Hamu ya kusoma, hata hivyo, huanza na lugha ambayo mtoto anacheka nayo na kulia nayo.

Na dunia ilishaletwa kwa Kiswahili zamani! Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm ya George Orwell, 1967. Clement Ndulute akamleta Okonkwo wa Nigeria, kwenye Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, 1973. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa Rais wa nchi, alikaa chini akamtafsiri Shakespeare. Leo nazunguka maduka ya vitabu Moshi mjini, nashuka hadi Arusha, ninachoonyeshwa ni vijitabu vya uchambuzi. Mtoto anakariri dhamira, migogoro na ujumbe wa riwaya ambayo hajawahi kuifungua, kisha tunamsifu kwa kupata alama. Inaniuma sana. Wachapishaji, zirudisheni tafsiri zile mitamboni. Halmashauri zikinunua kwa pamoja, soko lipo.

Wakati tunawasubiri, nina ombi kwa ndugu zangu wa Kilimanjaro mnaopanda nyumbani kila Desemba, barabara ikajaa magari kutoka Dar. Mnajenga, mnachangia kanisa, mnachinja mbuzi, Mungu awabariki. Mwaka huu kila ukoo ununue nakala kumi za riwaya moja ya Kiswahili, kumi za kitabu kile kile, mzipeleke shule ya kata iliyo jirani na kwenu. Msimkabidhi mtu wa kuzifungia stoo. Mpeni mwalimu wa Kiswahili mbele ya wanafunzi. Pasaka mkirudi, ombeni kuziona. Zikiwa bado mpya, mkalieni kooni mkuu wa shule. Zikiwa zimechakaa, leteni kumi nyingine.