Namba Iliyoinuka Kwenye Bloku Haithibitishi Gari

Matangazo ya magari ya michezo ya zamani yamejaa picha ya aina moja: bloku kuukuu (ule mwili wa chuma wenye silinda za injini), namba 3970010 imepakwa chaki nyeupe ionekane vizuri, na chini yake maandishi kwamba hii ni injini ya asili ya Camaro Z/28 ya 1969, gari la michezo la Chevrolet. Watu wanatoa pesa nzito kwa picha hiyo. Inaniudhi kwa sababu namba hiyo haithibitishi hata robo ya dai lenyewe, na anayeuza mara nyingi analijua hilo.

3970010 ni namba ya umbo la kalibu tu, yaani umbo ambamo chuma kilichoyeyushwa humiminwa kupata bloku. Chevrolet walisubu bloku hizo kuanzia 1969 na kuendelea kwa muongo mzima, zikafungwa kwenye Camaro, Corvette, magari ya kawaida ya familia na hata pikapu. Kwa mwaka 1969 peke yake, bloku hiyo inaweza kuwa ya injini ya inchi za ujazo 302, 327 au 350. Usijisumbue kupima kipenyo cha silinda, maana zote tatu zina milimita 101.6. Zinatofautiana kwenye mwendo wa pistoni. Vua hedi (kifuniko cha juu cha silinda), zungusha krenki, ule mhimili unaosukuma pistoni, kwa mkono, pima pistoni inashuka kiasi gani kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Ukipata 76.2 ni 302, 82.55 ni 327, 88.4 ni 350. Na hapo bado umepima krenki, kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukibadilisha.

Kwa hiyo tafuta tarehe. Kwenye bloku hizi ndogo za V8, namba ya umbo iko nyuma upande wa kushoto, kwenye ukingo unaoungana na giaboksi. Tarehe iko nyuma upande wa kulia. (Kushoto na kulia ni vya mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele.) Ukisoma E 5 9, E ni mwezi wa tano, 5 ni siku, 9 ni mwaka. Mwaka gani? Hapo ndipo watu wanapoumia. Tisa inaweza kuwa 1969 na inaweza kuwa 1979, na umbo la 3970010 lilikuwepo nyakati zote mbili. Halafu vibati vya tarehe vilibadilishwa kwa mkono kwenye kielelezo kinachotengeneza kalibu ya mchanga, na mchanga nao hubomoka kidogo chuma kinapomiminwa. Ndiyo maana 3 hujazika ikafanana na 8, na herufi hukaa upande.

Ukihamia Ford, usibebe jedwali la Chevrolet. Ford wanaanza na mwaka: 5F12 ni tarehe 12 Juni 1965. Tena wanairuka herufi I, wakati Chevrolet wanaitumia kwa Septemba. J kwa Ford ni Septemba, kwa Chevrolet ni Oktoba. Nimeona mabishano marefu ambayo yangekwisha kwa kulijua hilo tu. Na C5AE kwenye bloku ya Ford inataja mwaka wa usanifu, 1965, wala si mwaka iliposubiwa.

Sasa twende kwenye alama zilizogongwa, zile zilizozama ndani ya chuma, maana hizo ndizo zinazoifunga injini na gari. Kwa Chevrolet ziko kwenye kibapa kidogo, sehemu bapa ya bloku, mbele ya hedi ya kulia. V0521DZ inasomeka hivi: V ni kiwanda cha Flint, 0521 ni Mei 21, DZ ni 302 ya Z/28 ya 1969. Kuanzia 1970 herufi za mwisho zikawa tatu, kwa hiyo bloku ya 1979 inajifichua hapo. Kando yake mara nyingi kuna 19N na tarakimu sita za mwisho za chesisi, N ikiwa ni kiwanda cha Norwood. Namba ya chesisi ya Camaro ya mwaka huo haisemi kama gari ni Z/28, inasema tu kwamba ni V8. Ushahidi unabaki kwenye kibapa, ndiyo maana matapeli wanakipenda sana.

Tarehe zifuatane: bloku isubiwe kwanza, injini iunganishwe baadaye, gari litoke mwisho. Injini haiwezi kuunganishwa kabla bloku yake haijasubiwa. Kisha tazama chuma chenyewe. Kiwandani uso wa bloku ulikatwa kwa mashine iliyoacha mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiona mikwaruzo ya mduara, au kibapa kinang'aa kama sahani, uso umesagwa baadaye. Angalia pia mwandiko: namba ya injini iligongwa kwenye kiwanda cha injini na ya chesisi kwenye kiwanda cha magari, kwa vyuma tofauti. Zikifanana mno, shuku.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bloku halali husagwa uso wakati wa kufufuliwa na alama zikapotea. Na herufi CE zikigongwa kwenye kibapa cha Chevrolet, ni injini ya kubadilishiwa chini ya dhamana, haina aibu. Namba ya umbo nayo ina kazi moja inayoifanya vizuri: kukataa. Bloku ya Ford ambayo namba yake inaanza na D, yaani usanifu wa miaka ya 1970, haikutoka kiwandani na Mustang ya 1965.

Kusafisha: dawa ya kuondoa grisi, brashi laini ya shaba, tochi iliyolazwa ubavuni. Penseli na karatasi nyembamba zitainakili alama vizuri kuliko kamera. Grainda na mchanga wa kupuliza visiguse kibapa, vinafuta ile mistari. Magadi makali yanakula alumini. Bloku za magnesi, kama za Porsche 911 nyingi za miaka ya 1970, zisisuguliwe kwa mashine ya waya, vumbi lake linashika moto.

Muuzaji akikutumia picha moja, mwombe tatu: namba ya umbo, tarehe, na kibapa bila rangi, mwanga ukitoka ubavuni. Akisema kibapa hakifikiki, mjibu kwamba kwenye bloku hizi mara nyingi alternata au bomba la hewa ndilo linalokifunika, na kuvisogeza ni kazi ya spana mbili.