Vinasaba Visipotoa Jibu, Jalada Libaki Wazi

Miili 429 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa, ilifukuliwa msituni Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, kazi iliyoanza Aprili 2023. Machi 2024, familia za kwanza zilipokabidhiwa maiti zao Malindi, iliyokuwa imetambuliwa kwa vinasaba (DNA) ni 34 tu. Lawama ziliiendea maabara kwa kuchelewa, na ucheleweshaji ulikuwepo, sikatai. Ila hata maabara isiyokosa chochote ingeandika "haikuthibitika" mbele ya namba nyingi katika orodha ya miili hiyo. Kinachonikera ni namna ofisi zetu zilivyozoea kulipokea neno hilo kana kwamba kazi imeisha.

Majibu ya vinasaba ni matatu. Kuna "analingana", kuna "halingani", na kuna hili la tatu, "haikuthibitika", ambalo maana yake ni kwamba data iliyopatikana haitoshi kusema lolote. Mama anayeambiwa "haikuthibitika" husikia kwamba maiti ile si ya mwanawe. Hakuna aliyemwambia hivyo, lakini pia hakuna aliyekaa naye chini kumfafanulia.

Kwa nini data haitoshi? Tuanze na mfupa. Maiti iliyozikwa bila jeneza, kwenye kaburi fupi na udongo wenye joto, nyama yake huoza upesi na vinasaba vyake hukatika vipande vidogo vidogo. Maabara husoma sehemu maalumu zipatazo 15 hadi 24 za vinasaba. Kwenye mfupa uliochakaa huenda zikasomeka 6 au 7. Halafu udongo wenyewe una asidi za mboji ambazo hupenya mfupani na kuzuia kemikali zinazonakili vinasaba. Dawa yake ni kuusafisha upya mchanganyiko wa vinasaba uliotolewa mfupani, au kuuzimua, kisha kurudia. Ikishindikana, inatakiwa sampuli nyingine.

Hapa ndipo kosa hufanyika mapema, mochwari, wakati hakuna anayelitazama. Ubavu ni rahisi kukata, kwa hiyo hukatwa ubavu. Mfupa huo ni mwembamba na una vijitundu vingi, huharibika upesi. Kinachohifadhi vinasaba vizuri ni katikati ya mfupa wa paja, magego yasiyotoboka, na ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Sampuli husuguliwa juu ili kuondoa uchafu na jasho la walioishika, ikasagwa kuwa unga, na hata gramu moja au chini ya hapo hutosha. Lakini unga uliotumika haurudi. Kwa hiyo zichukuliwe sampuli mbili au tatu kutoka sehemu tofauti siku ya upasuaji wa kwanza, na angalau moja ibaki kwenye friza bila kuguswa. Vinginevyo itabidi kaburi lifukuliwe mara ya pili.

Upande wa pili ni wa jamaa walio hai, na Shakahola ndiko ulikolemea zaidi, kwa sababu familia nzima nzima ziliingia msituni. Chukua kaburi lenye mwanamke na watoto wawili. Vinasaba vyaweza kuonyesha bila wasiwasi kwamba huyu ni mama na hawa ni wanawe, na bado kusiwe na jina hata moja. Anahitajika mtu aliyebaki nje. Nyanya mzaa mama akitoa mate kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, wote watatu hupata jina kwa mpigo. Akija mjomba peke yake, hesabu inapungua nguvu. Akija binamu peke yake, karibu haisaidii.

Na lugha yetu nayo ina mtego. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, baba mdogo ni baba, na kaka wa kambo huitwa kaka bila kuongeza neno. Karani kwenye meza ya sampuli akiuliza "ni nani wako?" akajibiwa "ni ndugu yangu", akaandika "ndugu", mtu wa maabara atapiga hesabu ya watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Hesabu itagoma, na maiti sahihi itaangukia kwenye "haikuthibitika", au vibaya zaidi, kwenye "halingani". Fomu isiulize cheo. Ichorwe familia yenyewe, nani alizaliwa na nani, vizazi vitatu. Na mahojiano yafanyike faraghani, kwa kuwa kuna watoto ambao baba anayewalea siye aliyewazaa, na si kila mama atasema hivyo mbele ya shemeji zake.

Vinasaba vikikwama, kuna alama za vidole na meno, vyote vyenye uzito sawa na vinasaba katika utaratibu wa Interpol. Mkenya mwenye kitambulisho ana alama zake kwenye kumbukumbu za serikali, na ngozi iliyokauka ya kidole yaweza kulainishwa kwa maji yenye dawa ikatoa alama. Mtoto hana kitambulisho, na wengi wetu hatuna rekodi ya meno popote. Nguo ni ushahidi wa kusaidia tu. Kanga moja huvaliwa na mamia, na mitumba ndiyo usiseme.

Kukosa jina hakuzuii haki. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walisomewa Malindi mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakayakana, wakati vinasaba vilikuwa vimetaja watu 34 kwa jumla, wakubwa kwa wadogo. Maiti ina namba, ina ripoti ya upasuaji, ina chanzo cha kifo. Kilichokosekana ni ofisi ya kulishika jalada miaka na miaka. Sheria ya 2017 iliyotaka Kenya iwe na huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilikuwa bado haijatekelezwa makaburi yalipofunguliwa.

Kwa hiyo maiti isiyotambuliwa izikwe kaburi lake peke yake, isichomwe, isirundikwe na nyingine. Kibati chenye namba kifungwe kwenye maiti, kingine kiwekwe juu ya kaburi, na vipimo vya mahali viandikwe jaladani. Familia nayo ipewe barua: mfupa gani ulipimwa, sehemu ngapi zilisomeka, na jamaa yupi anahitajika bado. Maiti isipotambuliwa hawana cheti cha kifo, na njia inayobaki ni Sheria ya Ushahidi, ambayo humhesabu mtu kuwa amekufa akikosa kusikika miaka 7. Aliyenyamaza mwanzoni mwa 2023, wanawe watalisubiri shamba lake hadi 2030.