Nyundo ya Babu Si Pambo

Kuna muuza vitu vya kale mmoja Mji Mkongwe, duka silitaji, niliyempelekea nyundo ya marehemu babu. Niliikuta Wete, uvunguni mwa samadari, imeviringishwa kipande cha gunia la karafuu, mpini umeliwa na dumuzi hadi umebaki kisiki. Akaigeuzageuza, akanitazama kwa huruma. "Usije ukaisugua, ndugu yangu. Hiyo kutu ndiyo pesa."

Simlaumu, yeye ni mfanyabiashara. Mgeni akiingia dukani kwake hatafuti kitu cha kupigilia msumari, anatafuta uzee wa kutundika ukutani. Lakini babu alikuwa seremala, na nyundo ya seremala kuning'inizwa sebuleni mie naiona kama adhabu.

Kosa lake ni kudhani kutu zote ni moja. Ile nyekundu inayoachia unga kidoleni ni maradhi. Chuma kikikutana na maji na hewa huanza kuliwa, na chumvi huzidisha kasi, nasi visiwani chumvi tunaipumua. Tena haikomi: ikibanduka hufunua chuma kipya, nacho kikaliwa. Ila ule weusi mwembamba ulioshikana na chuma kwa miaka hauna madhara, bali hukikinga. Huo ndio wa kuachwa.

Jirani, fundi wa mageti, akajitolea kuipitisha kwenye grainda, dakika mbili tu ing'are. Nikamwambia ahsante. Nikaitumbukiza kwenye kopo la siki tangu jioni, na mke wangu akauliza kama mwaka huu tunakula achari ya chuma. Kesho yake alasiri nikaisugua kwa brashi ya waya. Tope la kutu lilipoondoka, shavuni mwa nyundo zikatokea nukta tatu zilizopigwa kwa msumari. Babu aliwahi kufanya kazi kwenye majahazi, ambako vyombo vya mafundi huchanganyika, na hiyo ilikuwa alama yake. Grainda ingezimaliza nukta hizo kabla sijajua kwamba zipo.

Nikaisuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki. Hapo ikaadhiniwa magharibi, nikaiacha barazani ikiwa na maji maji. Niliporudi msikitini ilishavaa utando wa manjano! Nikaanza upya, safari hii nikaifuta papo hapo, nikaipasha kidogo pembeni mwa jiko, nikaipaka mafuta ya nazi.

Kuipasha tu, lakini. Wengi wetu mpini ukivunjikia ndani ya tundu tunakitupa kichwa motoni ili mti uungue. Uso wa nyundo ulitiwa moto ukazimwa ghafla, makusudi, ili uwe mgumu. Ukiuchoma tena ukaacha upoe taratibu, ugumu unaondoka, na baada ya hapo kila msumari utauachia kovu. Mimi kile kisiki nilikitoboa kwa keekee, nikakisukuma nje.

Mpini mpya ni wa mpera, niliouacha kivulini miezi kadhaa, kwa sababu mti mbichi ukikauka hunywea na kichwa kikaruka. Tundu la nyundo ni pana zaidi upande wa juu, kwa hiyo ukipigilia kabari mti unatanuka na kichwa hakina pa kutokea. Ile tabia ya kuloweka nyundo kwenye ndoo usiku kucha ili ikaze inaniudhi sana. Mti unavimba, unajibana wenyewe ndani ya chuma, ukikauka unalegea kuliko jana. Halafu tunaloweka tena. Kabari ni kipande cha mti tu, jamani.

Jumamosi nimepigilia misumari minane ya dirisha la jikoni. Mmoja umepinda, na hilo nyundo haihusiki.