Zeze Linalosubiri Kuitikiwa

Nilihamia Dodoma kikazi bila kumjua mtu. Miezi ya mwanzo jioni zangu ziliishia chumbani, nikisikiliza upepo ukipiga bati. Aliyenitoa ndani ni mzee mmoja, jirani yangu pale Nkuhungu, na zeze lake.

Nilimkuta uani amekaa kigodani, kibuyu cha zeze kakiegemeza tumboni. Nikamwamkia kwa Kigogo cha kuokoteza, "Mbukwenyi", akaitikia bila kusimamisha upinde. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza, akanikazia macho, huku zeze likiendelea. Mjukuu wake, binti anayejifunza gitaa, akaninong'oneza: "Babu anakusubiri wewe, kaka. Itikia." Maneno sikuyajua, nikaitikia kwa kuguna tu. Mzee akacheka kwa furaha, akaurudia mstari polepole ili niudake. Kesho yake nilirudi, na keshokutwa pia.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja: sanaa inayowaleta watu karibu ni ile inayoacha nafasi ya kujibiwa. Ugogo wanalijua hili tangu zamani. Hapa hapa Dodoma, pale Ihumwa, ndipo alipozaliwa Mathias Mnyampala, mwaka 1917, mshairi aliyeikuza ngonjera, yaani ushairi wa kujibizana, ubeti kwa ubeti, mpaka wabishani waelewane. Inaniuma kuona ilivyofanywa kwenye sherehe nyingi siku hizi. Watoto wanapangwa mstari juani, wote wanamsifu mgeni rasmi, hakuna anayembishia mwenzake. Hiyo ni risala iliyotiwa vina.

Hata wachoraji hujibizana. Nilipanda Kolo, kule Kondoa, na rafiki yangu anayechora kwa mkaa. Michoro ile ya mapangoni imo katika urithi wa dunia tangu 2006, na wengi huitazama kama kitu kimoja cha kale. Yeye alisimama kimya mbele ya mwamba, kisha akanionyesha mahali ambapo rangi nyeupe, ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye, imepita juu ya ile nyekundu ya wawindaji wa kale. "Huyu kamkuta mwenzake," aliniambia, "akaongeza la kwake."

Kwa hiyo ninyi mnaoandaa jioni za mashairi na muziki mjini, nawaomba: shusheni jukwaa, punguzeni spika, viti vikae duara. Gitaa kavu halihitaji zaidi ya hapo, na mtu aliyekaa akitazamana na mwenzake hapati hamu ya kurekodi na simu.

Binti yule sasa anatunga nyimbo zake mwenyewe, kwa Kiswahili, vidole vikifuata mwendo wa zeze la babu yake. Mojawapo ina ubeti ambao kwa makusudi ameuacha bila maneno. Akifika hapo anapiga nyuzi tu, anatutazama. Jumamosi iliyopita aliyeujaza ni mama wa genge, alikuwa akipita na ndoo yake ya nyanya.