Copland ambaye hatupigiwi

Mtaje mtunzi wa muziki Aaron Copland popote, utaletewa vitu vilevile: baleti za Appalachian Spring na Rodeo, na tarumbeta za Fanfare for the Common Man. Muziki wa mbuga pana, farasi na wachunga ng'ombe wa Marekani, uliotungwa na mtoto wa mwenye duka wa Brooklyn. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na waandaaji wa matamasha wanaotufanya tuamini kwamba Copland ameishia hapo.

Mgeni ningemwanzishia Piano Variations ya mwaka 1930. Ni piano peke yake, kama dakika 11. Noti nne zinagongwa kavukavu, kama fundi anayechonga jiwe la matumbawe, kisha Copland anazigeuza na kuzigeuza, mara 20, bila kuziacha zipumzike. Mpiga piano hutakiwa pia kubonyeza baadhi ya vibao taratibu visilie, ili vingine vikigongwa kwa nguvu, nyuzi za vile vilivyobonyezwa ziitikie zenyewe. Tafuta spika nzuri. Kwenye spika ya simu utamu huo wote unapotea.

Wapo wanaosema huu ni muziki wa kichwani tu, hauna mwili. Mcheza dansi Martha Graham hakuuona hivyo. Mwaka 1931 aliucheza peke yake jukwaani, akaliita onyesho hilo Dithyrambic. Na ni Graham huyohuyo ambaye Copland alikuja kumtungia Appalachian Spring, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1944, muziki ukipigwa na watu 13 tu. Zisikilize kazi hizo mbili kwa kufuatana. Uchache wa noti ni uleule, na uwazi kati ya sauti za juu na za chini ni uleule. Tofauti ni kwamba katika ya pili makali yamepigwa msasa. Miaka ya 1930, uchumi ukiwa umedorora, Copland alitaka kuwafikia watu wengi zaidi, akarahisisha muziki wake kwa makusudi. Kwa hiyo wanaposema kwamba kuna Copland wawili, mtamu na mchungu, mimi habari hiyo hainiingii akilini.

Kisha ikaja Connotations, kazi ya okestra. Tarehe 23 Septemba 1962, New York, Philharmonic Hall inafunguliwa, Leonard Bernstein anaongoza okestra, mke wa Rais Kennedy yumo ukumbini. Wageni waliovaa wakapendeza wakapokelewa na vishindo vitatu vikali ambavyo ndani yake mna noti zote 12. Wengi walichukia. Mimi naisifu jeuri yake, lakini kazi yenyewe hunichosha. Ala za shaba zinafoka muda mrefu mno, na nikifika katikati huwa nimeshaelewa kwamba amekasirika.

Inscape ya mwaka 1967 ndiyo inayonyimwa haki. Inatumia mbinu ileile ya noti 12, yaani kuzipanga noti zote 12 katika mfuatano mmoja na kutunga kutokana nao, ila humu kuna hewa. Sauti zinakuja mbilimbili, zinaachiana nafasi, na kuna vipande ambavyo mtu asiyeambiwa angedhani vimetoka kwenye baleti zake za zamani. Bernstein ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la kazi hii pia, huko Ann Arbor.

Haifiki hata robo saa. Inaweza kupigwa kabla ya Appalachian Spring katika tamasha lilelile, na hakuna atakayekosa basi la mwisho.