Uani kwetu Brisbane, mpangaji ni mimi

Mamaangu yuko Wete, na kila mnyama ninayemtajia kwenye simu humuulizia jambo moja tu: "Analiwa?" Nilipomwambia kwamba juu ya dari letu hapa Brisbane anaishi chatu, hakuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, rudi Uingereza."

Tulihama Coventry mwaka 2019, baada ya kukaa huko miaka kumi na minne. Mke wangu ni nesi, na manesi wengi wa Uingereza wamepita njia hii ya kuja Australia kutafuta jua na mshahara. Mimi nilifuata mizigo.

Nikiri kwanza: kutazama ndege nilijifunzia Uingereza. Pemba nilikuwa mtoto wa manati na ulimbo wa fenesi, na tetere akitua kwenye mkungu nilichokuwa nikikiona ni shabaha. Coventry tulikuwa na kiuwanja nyuma ya nyumba kisichotosha kuchinjia mbuzi. Mzee wa nyumba ya pili alinipa mrija wa kuwekea mbegu za alizeti, akanionyesha pa kuutundika, akaniambia nitulie nitazame. Nikawa natazama. Robin, yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu, alikuwa akitua karibu na jembe langu kila nikichimbua udongo, akisubiri minyoo kama karani anayesubiri sahihi. Ikifika mwisho wa Januari tunahesabu. RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, limekuwa likiwahesabisha watu ndege wa bustanini tangu 1979. Unakaa saa moja, unaandika uliowaona. Mwaka wa kwanza niliandika shomoro watatu, robin mmoja, njiwa wawili wanene. Nilijiona mtaalamu.

Kule kumpenda ndege ni kumlisha. Karanga, alizeti, mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa na nafaka. Kalunguyeye naye anatengewa chakula cha paka. Na ukiiona Januari yenyewe, jua linachomoza saa mbili na zaidi na saa kumi na moja jioni ni usiku, utaona wana haki. Tabia hiyo nilikuja nayo hapa pamoja na koti langu zito la baridi, na vyote viwili havikunifaa.

Wiki ya kwanza nilitupa mkate uani. Bibi wa jirani alinitazama kupitia uzio kwa huruma ile wanayopewa wageni. Akanieleza polepole kwamba hapa chakula kipo mwaka mzima, mkate unawadhuru, na ukilisha unawaita wababe wanaowafukuza wanyonge. Wape maji, alisema, panda miti ya hapa hapa, halafu kaa mbali. Basi tukaweka beseni kivulini, juu ya kigoda, na jiwe katikati ili nyuki na mijusi wapate pa kupandia wasizame. Beseni la dola nane. Mrija wa Coventry haukuniletea hata robo ya wageni niliowaona pale.

Kookaburra ndiye anayetuamsha. Ni jamii ya mdiria, ila huyu hana haja na samaki sana; anakula mijusi na nyoka wadogo, akiwapigiza kwanza kwenye tawi. Kiangazi jua hapa linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na yeye hutangulia. Anaanza mmoja kwa kicheko cha chini chini, wanadakia wengine, mpaka mtaa mzima unachekwa. Mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza tu kuswali, nikadhani kuna walevi uani.

Lakini aliyenifunza adabu ni bata mzinga wa porini. Ndege mweusi, kichwa chekundu kisicho na manyoya, shingoni ameviringisha kitu cha njano kama skafu ya mshabiki wa Yanga. Nilikuwa nimenunua magunia kumi ya matandazo ya magome na kuyasambaza kwenye vitanda vyote vya bustani, kazi ya Jumamosi nzima. Jumatatu asubuhi vitanda vilikuwa vitupu. Bwana huyu alikuwa amenipa mgongo, anapiga teke, anarudisha nyuma, teke, anarudisha nyuma, na lundo lote liko pembeni ya uzio likinifika kiunoni. Nikarudisha kwa reki. Akarudisha kwa miguu. Tulikwenda hivyo siku nne, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kwenda.

Nilipiga simu kuuliza nifanyeje. Jibu lilikuwa fupi: ndege huyu analindwa na sheria, na lundo lenye mayai haligusiki. Kwa hiyo nikakaa kwenye ngazi za nyuma na chai yangu, nikamtazama, kwani nilikuwa nimeshindwa.

Na kumbe lile lundo ni tanuri. Majani yakioza yanatoa joto, na mayai yanafukiwa humo humo. Hakuna anayeyaatamia. Jike anataga anakwenda zake. Dume ndiye anayebaki miezi, kila siku anachimba, anatumbukiza mdomo ndani kupima joto, akiona limezidi anapunguza majani, likipungua anaongeza. Analiweka kwenye nyuzi 33 hadi 35 hivi bila kipimajoto. Asubuhi moja mwezi wa Novemba niliona lundo likitikisika juu. Kikatoka kichwa cha kahawia, kikapepesa macho, kikatoka chote, kikajikung'uta vumbi. Nilisubiri dume amfuate mwanawe. Hakugeuka hata. Kifaranga kilikimbia mbio chini ya kichaka peke yake, na hivyo ndivyo ilivyo: kuanzia saa ile hakina baba wala mama, na kinaweza kuruka siku hiyo hiyo.

Si wote wapole. Ndege anayeitwa magpie (Waingereza walimpa jina la ndege wa kwao kwa sababu ya rangi nyeusi na nyeupe tu, wala si ndugu) majira ya kuchipua huwashambulia wapita njia akilinda kiota, na sura yako haisahau. Mwanangu anaendesha baiskeli na kofia iliyochomekwa vibanio vya plastiki vinavyosimama kama miiba. Halafu kuna chura. Mwaka 1935 waliletwa kama mia moja kutoka Hawaii ili wawale wadudu wa mashamba ya miwa. Wadudu hawakuliwa, na chura wakatapakaa Queensland na kuvuka, na sumu yao inaua wanaowameza. Mzanzibari hahitaji kuelezwa zaidi: sisi tuna kunguru, walioletwa kutoka India miaka ya 1890 wasafishe taka za mji.

Ninachogombana nacho ni hofu za watu wetu. Ukialikwa futari kwa Waswahili wenzangu hapa, mapazia yamefungwa, dawa ya wadudu inakukaba koo tangu mlangoni, na uani kumemwagwa zege ukuta hadi ukuta. Sababu ni nyoka. Nyoka wapo, sikatai. Nyoka wa kahawia wa mashariki si wa mzaha, na siku alipoonekana karibu na pipa la taka tuliwaingiza watoto ndani tukamwita mkamataji mwenye leseni. Lakini chatu wetu wa darini hana sumu, na tangu ahamie hatujasikia panya. Na lile zege halimfukuzi nyoka anayepita. Linayemfukuza ni mjusi mwenye ulimi wa buluu anayekula konokono wa mchicha wako.

Jioni ndiyo saa yangu. Magharibi ikiingia popo wanatoka, mamia kwa mamia, wanakwenda kwenye maua ya mikaratusi na maembe ya watu. Ni wa jenasi moja na popo wa Pemba, Pteropus, wale ambao duniani kote hawapatikani ila kisiwani kwetu. Tuliwala mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki wachache wa kuhesabika. Sasa wamerudi kwa maelfu, na watu wanalipa kiingilio Kidike kwenda kuwaona. Ilibidi nizunguke Coventry na Brisbane ndipo niinue kichwa kutazama popo.

Nilimtumia mama video yao. Akaitazama, akapiga. "Hawa ninawajua," alisema. "Hawa wanaliwa."

Mwezi wa sita huu nimenunua matandazo tena. Magunia manane nimesambaza, mawili nimeyamwaga moja kwa moja pembeni ya uzio, nimpunguzie safari.