Nishani ya Muungano isibebe sura ya mtu

Mapema mwaka 2024, Muungano wetu ukikaribia kutimiza miaka 60, kikundi kimoja kiliniomba niwachoree nishani ya kumbukumbu. Mimi ni mchoraji wa nembo, mabango na kadi za harusi; nishani sikuwahi kuichora. Walikuja na orodha: sura ya Mwalimu Nyerere, sura ya Sheikh Abeid Amani Karume, Mlima Kilimanjaro, twiga, mwenge, karafuu, ramani, na maneno yazunguke ukingoni. Vyote viingie kwenye duara la sentimita nne. Nilichukua kikombe cha kahawa, nikapiga duara kwa kitako chake, nikaanza na yale waliyoyataka zaidi, yaani zile sura mbili.

Sura mbili ndani ya duara moja zinapangika kwa namna mbili tu zinazopendeza. Ama unawatazamisha ana kwa ana, na hapo wanakuwa kama watu wanaodaiana, ama unawapanga sambamba wote wakitazama upande mmoja. Ukiwapanga sambamba, lazima mmoja awe mbele, na yule wa mbele anamfunika mwenzake. Nilichora hivyo mara nne. Kila mara aliyekaa nyuma alibakiwa na paji la uso, pua na kidevu tu. Nikimweka Mzee Karume nyuma, Mzanzibari atakayeishika nishani ile atakuwa amekabidhiwa kwa shaba malalamiko yake ya miaka yote, kwamba ndani ya Muungano huu amemezwa. Nikimweka Mwalimu nyuma, wa bara watauliza kulikoni. Na tarehe 22 Aprili 1964, walipotia saini Mkataba wa Muungano kule Zanzibar, hapakuwa na wa mbele wala wa nyuma. Walikuwa marais wawili wa nchi mbili huru.

Mmoja wa wanakikundi akashauri tugawe: upande mmoja Tanganyika, upande wa pili Zanzibar. Kwenye karatasi wazo hilo linavutia. Lakini nishani haikai kwenye karatasi. Inaning'inia kwenye utepe juu ya kifua cha mtu, na upande mmoja unalala kwenye shati siku nzima. Nani alazwe kwenye shati?

Nilirudi kuitazama bendera yetu kwa macho ya fundi, jambo ambalo nakiri sikuwahi kulifanya ingawa nimesimama mbele yake asubuhi zote za shule. Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani, njano na nyeusi. Ya Zanzibar, kabla tu ya Muungano, ilikuwa bluu, nyeusi na kijani. Kijani na nyeusi zilikuwa za wote. Waliounda bendera ya pamoja walichukua bluu kutoka Zanzibar na njano kutoka Tanganyika, kisha badala ya kuzipanga rangi kwa ngazi, moja juu ya nyingine, wakaulaza mkanda mweusi kimshazari. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa inaishia Tanganyika na hapa inaanza Zanzibar. Huo ni ubunifu wa mtu aliyekaa akafikiri.

Ulinganishe na bendera ya Misri na Syria walipoungana mwaka 1958. Nyota mbili za kijani, nyota moja kwa kila nchi. Syria ilijitoa mwaka 1961, Misri ikaendelea kuipeperusha bendera ile ile ya nyota mbili kwa miaka kumi mingine. Alama inayohesabu washirika ndivyo ilivyo. Mmoja akiondoka, nafasi yake inabaki inaonekana, na aliyebaki inambidi aishi nayo au aifute.

Kwa hiyo nilifuta sura, nikafuta ramani, nikachora udongo.

Picha ile wengi wetu tunaijua toka utotoni. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, Aprili 1964, Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar, na vijana walioubeba kutoka pande zote mbili wakiwa karibu naye. Sijui taifa lingine lililojieleza kwa lugha nyepesi kiasi hicho. Bibi yangu ambaye hakujua kusoma aliielewa picha ile bila kufafanuliwa. Udongo ndio tunaolima, ndio tunaofinyangia vyungu, ndio tunaozikiwa.

Lakini hata hapo pana mtego. Udongo uliochanganywa hautenganishiki tena, na Muungano wetu haukuundwa hivyo. Tuna serikali mbili. Zanzibar ina rais wake, Baraza lake la Wawakilishi, na tangu mwaka 2005 ina bendera yake. Mambo ya Muungano yalianza yakiwa 11, leo yako 22 kwenye nyongeza ya Katiba, na kila lililoongezeka limebishaniwa. Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu katika rasimu yake ya Katiba mpya, hoja ikatuchemsha nchi nzima, na bado haijapoa. Nishani itakayoonyesha donge moja la udongo lililolainika itakuwa inasema uongo, na mimi sitaki kusema uongo kwa kitu ambacho kitaishi miaka mia baada yangu.

Nikachora viganja viwili vilivyo wazi, bila mikono ya shati, bila pete, usijue ni vya rais au vya mkulima. Kutoka kila kiganja unamwagika udongo. Wa kulia una chembe kubwakubwa, wa kushoto ni mwembamba, wa mistari. Inakutana hewani, juu ya mdomo wa chungu, na pale inapokutana bado unaziona chembe na unaiona mistari. Nyuma niliweka tawi la mkarafuu na tawi la pamba, kama yanavyoonekana kwenye Ngao ya Taifa miguuni pa yule mwanamume na yule mwanamke, na mwaka 1964 peke yake.

Chini kabisa niliweka herufi mbili za jina langu, ndogo kama mbegu ya mchicha. Mwanakikundi mmoja aliona ni kujikweza. Nikamkumbusha habari za Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha, aliyefariki Mei 2017 hapa Dar es Salaam. Alisema yeye ndiye aliyeichora Ngao ya Taifa. Wako wengine waliotajwa pia, na ubishi haukuisha, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeona umuhimu wa jina la mchoraji. Mzee yule aliishi uzeeni Buguruni katika umaskini, na ngao ikiwa kwenye kila ofisi ya serikali. Herufi mbili zingetosha kumaliza ubishi ule.

Kikundi kilichagua sura mbili, kwa mchoraji mwingine. Ni haki yao, na sina kinyongo. Lakini mchoro wangu sikuutupa. Niliupeleka kwa sonara mmoja mzee, nyuma ya soko la Kariakoo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anaugeuzageuza karatasini.

"Hii mistari, mwanangu, shaba itaimeza. Ichimbe zaidi."

Nikachonga mfano wa mbao upya, mistari michache, yenye kina zaidi. Yeye husubu kwa mchanga: mfano unashindiliwa ndani ya kisanduku cha mchanga wa mfinyanzi, unatolewa, na shaba iliyoyeyuka inamiminwa kwenye alama iliyobaki. Aliponieleza hivyo nilinyamaza kidogo. Mama yangu ni wa Wete, baba yangu wa Korogwe. Wiki tatu baadaye nilirudi na mifuko miwili ya plastiki, mmoja una udongo mwekundu wa uani kwa mjomba kule Pemba, mwingine wa shambani kwa baba. Mzee hakucheka wala hakuuliza mengi. Aliichekecha yote miwili kwa kitambaa, akaichanganya na mchanga wake, akanyunyiza maji, akaminya konzi moja kuona kama inashikana.

Nishani ilitoka kwenye kalibu ikiwa nyeusi, imekwaruzika, chembe za ule mchanga zimeacha vidoti vyake juu ya viganja na juu ya chungu. Mzee akashika tupa ili ailainishe. Nikamwomba aiache hivyo hivyo.